Senta Gani, kwa Kazi Gani?

Kila mwaka, wiki chache kabla dirisha la kubadilishana wachezaji wa NBA halijafungwa mwezi Februari, mashabiki hurudia ubishi uleule: timu yetu imchukue senta gani? Ubishi huendeshwa kwa jedwali la pointi na ribaundi. Mwenye pointi 20 anamshinda mwenye 15, mwenye miaka 26 anamshinda mwenye 34, na aliyeitwa kwenye mechi ya All-Star anawashinda wote. Kwa hesabu hiyo Toronto Raptors walikosea vibaya sana Februari 7, 2019, walipofanya dili la kumchukua senta Marc Gasol kutoka Memphis. Miezi minne baadaye walikuwa mabingwa.

Nalirudia dili hilo kwa sababu, kati ya yote niliyoyafuatilia, ndilo linaloonyesha vizuri zaidi jinsi ya kumtafuta mtu mrefu. Kumtafuta senta hakufanani na kumtafuta mfungaji. Mfungaji hodari ukimpa mpira atajitafutia nafasi popote utakapomweka. Thamani ya senta hutegemea anamkaba nani, anacheza bega kwa bega na nani, na nani anaingia yeye akienda kupumzika. Ndiyo maana swali la nani bora halijibiki mpaka useme kwanza ni bora kwa kazi gani, na mbele ya mpinzani yupi.

Julai 2018 rais wa Toronto wakati huo, Masai Ujiri, Mnaijeria ambaye mama yake ni Mkenya, alimtoa DeMar DeRozan, kipenzi cha jiji zima, pamoja na senta kijana Jakob Poeltl, akawapata Kawhi Leonard na Danny Green kutoka San Antonio. Leonard angeweza kuondoka majira ya joto ya 2019. Kwa maneno mengine, Toronto walikuwa na msimu mmoja wa uhakika, na kila uamuzi uliofuata ulipaswa kupimwa kwa msimu huo mmoja tu.

Wapinzani walijulikana mapema. Philadelphia walikuwa na Joel Embiid, aliyekuwa akifunga wastani wa pointi 27.5, na siku moja kabla dirisha halijafungwa wakamwongeza Tobias Harris. Milwaukee walikuwa na Giannis Antetokounmpo, na mbele yake alisimama Brook Lopez, senta mkubwa anayetupa kutoka nje ya mstari wa pointi tatu. Boston walikuwa na Al Horford, anayeendesha mashambulizi kwa pasi. Njia zote tatu za kufika fainali kutoka Kanda ya Mashariki zilipita kwa mtu mrefu, na warefu hao hawakufanana hata kidogo. Mmoja anakupa mgongo na kukusukuma hadi chini ya kikapu, wa pili anakuvuta utoke nje, wa tatu anakulazimisha kufikiri.

Senta wa Toronto alikuwa Jonas Valančiūnas, Mlithuania waliyemchagua wa tano kwenye drafti ya 2011. Nilimpenda, na mashabiki wa Toronto walimpenda zaidi. Ana nguvu, anakusanya ribaundi, anamaliza vizuri karibu na ringi. Msimu ule alikuwa akifunga pointi 12.8 kwa chini ya dakika 19 za kila mechi, hadi alipoumia kidole gumba mwezi Desemba. Lakini kwenye mtoano tatizo lake lilikuwa lilelile mwaka hadi mwaka. Cleveland waliwatoa Toronto mwaka 2016, wakawafunga mechi nne bila jibu mwaka 2017, wakarudia hivyohivyo 2018, na njia yao haikuwa siri. Walimvuta Valančiūnas mbali na kikapu kwa skrini moja baada ya nyingine, na Kevin Love akasimama nje kama senta. Mtu anayekupa pointi 13 kwa dakika 19 mwezi Novemba anaweza kuwa mtu ambaye kocha hathubutu kumwacha uwanjani dakika sita za mwisho mwezi Mei.

Dakika hizo sita ndizo ninazoziangalia mimi kila jina la senta linapotajwa. Je, kocha atamwacha uwanjani? Kama jibu ni labda, hizo pointi zake za msimu wa kawaida zisitutie wazimu.

Marc Gasol alikuwa ametimiza miaka 34 siku tisa tu kabla ya dili. Alikuwa Mchezaji Bora wa Ulinzi wa mwaka 2013, lakini kasi ilikuwa imepungua, na timu yake ya Memphis ilikuwa ikiporomoka. Mshahara wake ulizidi dola milioni 24, na mwaka uliofuata alikuwa na haki ya kubaki kwa zaidi ya milioni 25. Hapa ndipo wengi hushindwa kuelewa kwa nini timu inatoa wachezaji watatu kwa mmoja. Kanuni za NBA huilazimu timu iliyovuka ukomo wa mishahara ipeleke mishahara inayokaribiana na ile inayopokea. Valančiūnas peke yake, mwenye takriban milioni 16.5, hakutosha. Akaongezwa C.J. Miles mwenye zaidi ya milioni 8, akaongezwa Delon Wright, mlinzi wa akiba ambaye mkataba wake ulikuwa unaisha, na juu yake nafasi ya drafti ya raundi ya pili ya mwaka 2024. Angalia kilichobaki nyumbani: Pascal Siakam, OG Anunoby, Fred VanVleet, nafasi zao za raundi ya kwanza za miaka ya mbele na, jambo ambalo watu hulipita haraka, Serge Ibaka.

Nitarudi kwa Ibaka.

Kwenye jedwali, Memphis walishinda dili. Valančiūnas alifika kule akafunga karibu pointi 20 na ribaundi zaidi ya 10 kwa mechi hadi mwisho wa msimu. Gasol, aliyekuwa akifunga 15.7 Memphis, alishuka hadi takriban 9 Toronto. Mtu aliyesoma namba tu angesema Ujiri ameibiwa mchana kweupe.

Jaribio la kwanza lilikuja raundi ya kwanza dhidi ya Orlando, na lilikuwa zuri kana kwamba limepangwa kwa ajili ya ubishi wetu. Senta wa Orlando alikuwa Nikola Vučević, ambaye msimu huo alifunga pointi 20.8 na kukusanya ribaundi 12, akaitwa All-Star kwa mara ya kwanza. Ungewaambia mashabiki wa timu yoyote wachague kati yake na Gasol mwenye miaka 34, Gasol angepata kura chache mno. Walipokutana, Vučević alishushwa hadi pointi 11.2, na mitupo yake iliingia kwa asilimia 36 tu. Toronto walipoteza mechi ya kwanza, wakashinda nne mfululizo.

Gasol hakumshinda kwa nguvu wala kwa kuruka, kwa maana kuruka alishakuwa haruki. Alimfikia mapema mahali anapopenda kupokelea mpira, akamlazimisha apokee hatua mbili nje zaidi, na mikono yake ikakaa juu bila kufanya madhambi. Hatua mbili zinaonekana ndogo kwenye runinga. Kwa mtu aliyezoea kutupa kutoka sehemu moja maelfu ya mara, hatua mbili ni mtupo mwingine kabisa.

Kisha akaja Embiid. Ni kwa ajili ya mfululizo huo wa mechi saba hasa Toronto walimfuata Gasol. Embiid alimaliza kwa wastani wa pointi 17.6, karibu kumi pungufu ya kawaida yake, na mitupo yake iliingia kwa takriban asilimia 37. Haki itendeke: aliugua tumbo katikati ya mfululizo, na goti lilikuwa likimsumbua tangu kabla ya mtoano. Hata hivyo mechi ya tatu alipata nafuu, akafunga 33, na Philadelphia wakaibomoa Toronto 116 kwa 95. Kwa hiyo sitamwambia msomaji kwamba Gasol alimmaliza Embiid. Alimpunguza hadi kiwango ambacho wachezaji wengine wa Toronto wangeweza kukifidia.

Uthibitisho uko kwenye mechi ya saba, Mei 12, 2019. Wote tunaukumbuka mtupo wa Leonard kutoka kona, mpira ukidunda mara nne juu ya ringi kabla ya kuingia, 92 kwa 90. Ninachoomba mkumbuke ni kingine. Embiid alicheza dakika 45 usiku ule, na katika dakika hizo 45 Philadelphia waliongoza kwa pointi 10. Katika dakika chini ya tatu alizopumzika, walipitwa kwa pointi 12. Greg Monroe, aliyeingia kama senta wa akiba, alikaa uwanjani chini ya dakika mbili, na timu yake ikapoteza pointi 9 katika muda huo. Philadelphia walikuwa na senta bora uwanjani na bado wakatolewa, kwa sababu hawakuwa na wa pili.

Toronto walikuwa naye. Ibaka, mzaliwa wa Brazzaville, alitoka benchi akafunga pointi 17 mechi ile. Kuanzia katikati ya mfululizo kocha Nick Nurse alikuwa ameshaanza kumchezesha pamoja na Gasol kwa wakati mmoja, jambo ambalo hakuwa na haja nalo msimu mzima, ili kuzima urefu wa Philadelphia. Hapo ndipo busara ya dili inapoonekana. Kama bei ya Gasol ingekuwa Valančiūnas na Ibaka, ningelipinga dili lile kwa nguvu zangu zote. Timu nyingi humfuata senta mkubwa huku zikimtoa msaidizi wake kama nyongeza ya kufikisha mishahara, halafu Mei zinashangaa kwa nini kila nyota anapokaa benchi kikapu kinabaki wazi.

Dhidi ya Milwaukee mambo yalianza vibaya. Mechi ya kwanza Brook Lopez alifunga pointi 29, na Gasol aliingiza mitupo 2 kati ya 11. Ya pili aliingiza 1 kati ya 9, Toronto wakafungwa 125 kwa 103. Kwetu Afrika Mashariki mechi hizo zilichezwa alfajiri, na mtu aliyekesha kuzitazama alikuwa na kila sababu ya kusema Gasol amekwisha. Nurse hakumtoa kikosini. Mechi ya tatu, iliyokwenda muda wa nyongeza mara mbili, Gasol alimaliza na pointi 16, ribaundi 12, pasi za mwisho 7 na bloku 5. Leonard alihamishiwa kwa Antetokounmpo, na nyuma yake Gasol akasimama akiziba njia ya kikapu, mapema, kila mara, kabla Giannis hajashika kasi. Milwaukee, walioshinda mechi 60 msimu ule, wakapoteza nne mfululizo. Valančiūnas asingefanya kazi hiyo. Vučević asingeifanya. Anthony Davis angeifanya, tena kwa ubora zaidi, lakini bei yake ingekuwa kikosi chenyewe.

Davis anastahili neno lake. Aliomba kuondoka New Orleans Januari 28, 2019, siku kumi kabla ya dili la Gasol. Kiangazi hicho Lakers walimpata kwa Lonzo Ball, Brandon Ingram, Josh Hart na nafasi tatu za drafti za raundi ya kwanza, na mwaka 2020 wakatwaa ubingwa. Sina ugomvi na dili hilo. Lakers walikuwa na LeBron James aliyehitaji nyota wa pili wa kubeba naye timu. Toronto walishakuwa na nyota na wabebaji. Walichokosa kilikuwa mtu mmoja wa kukaba watu watatu maalumu kwa wiki sita.

Si kila mara kumfuata mtu sahihi kunatosha. Februari 2001 Philadelphia walimtoa Theo Ratliff, aliyekuwa ameumia kifundo cha mkono, pamoja na Toni Kukoč, Nazr Mohammed na Pepe Sánchez, wakampata Dikembe Mutombo kutoka Atlanta. Mkongomani huyo alitwaa tuzo yake ya nne ya ulinzi msimu uleule, akawafikisha fainali pamoja na Allen Iverson. Kule walimkuta Shaquille O'Neal, aliyemaliza fainali na wastani wa pointi 33 na ribaundi 15.8, na Lakers wakashinda 4 kwa 1. Bado nasema Philadelphia walikuwa sahihi. Bila Mutombo wasingefika kule.

Watanzania tunalo funzo letu ndani ya historia hii, na lipo Memphis, kwa Gasol yuleyule. Mwaka 2009 Memphis walimchagua Hasheem Thabeet wetu wa Dar es Salaam, mwenye urefu wa mita 2.21, kuwa wa pili kwenye drafti nzima, mbele ya James Harden na Stephen Curry. Tulishangilia, na tulikuwa na haki ya kushangilia: chuoni Connecticut alikuwa mlinzi wa kikapu wa kuogopwa. Lakini alipelekwa kwenye timu ambayo nafasi yake tayari ilikuwa na mwenyewe. Gasol alikuwepo tangu 2008, akiwa amefika kama haki tu ya mchezaji wa raundi ya pili ndani ya dili lililompeleka kaka yake Pau kwa Lakers. Zach Randolph naye aliletwa kiangazi kilekile cha 2009. Dakika za Thabeet zingetoka wapi? Kijana aliyeanza mpira wa kikapu akiwa na umri mkubwa alihitaji mechi, akapewa benchi. Mengi yamesemwa juu ya uwezo wake, na mapungufu yalikuwepo, lakini sijawahi kukubali kwamba lawama yote ni ya Thabeet. Timu ilinunua urefu bila kuuliza urefu huo utafanya kazi gani.

Februari 2011 Memphis wenyewe walijibu swali hilo. Walimpeleka Thabeet Houston pamoja na DeMarre Carroll na nafasi ya drafti, wakampata Shane Battier, ambaye si senta hata kidogo. Walijitazama wakaona warefu wanao, wanachokosa ni mlinzi wa pembeni anayetupa pointi tatu. Mechi ya kwanza ya mtoano dhidi ya San Antonio, waliokuwa wa kwanza Kanda ya Magharibi, Battier alitupa pointi tatu za ushindi sekunde 24 kabla ya filimbi. Memphis, wa nane, wakawatoa San Antonio 4 kwa 2. Wakati mwingine jibu la swali la tumchukue senta gani ni kutomchukua yeyote.

Sasa mtazame Vučević tena. Machi 2021 Chicago walimfuata Orlando na kumlipia Wendell Carter Jr., senta wa miaka 21, Otto Porter na nafasi mbili za drafti za raundi ya kwanza. Msimu huo hawakufika hata mtoano, na nafasi ya kwanza waliyoitoa ikawa ya nane, ambayo Orlando waliitumia kumchukua Franz Wagner. Mwaka 2022 walifika raundi ya kwanza, Milwaukee wakawatoa 4 kwa 1. Kuumia kwa Lonzo Ball, ambaye wakati huo alikuwa Chicago, kuliwagharimu sana, na sitaki kulifumbia macho hilo. Lakini Chicago walimfuata senta mwenye pointi nyingi wakati tayari walikuwa na Zach LaVine wa kufunga, na walichokosa ni ulinzi wa kikapu. Aliendelea kufunga, na timu ikabaki katikati ya msimamo.

Toronto nao, waliojua vizuri kuliko wote, waliteleza. Februari 9, 2023, wakiwa wameshinda 26 na kupoteza 30, walimrudisha Poeltl yuleyule waliyemtoa kwa ajili ya Leonard. Bei: Khem Birch, nafasi ya raundi ya kwanza ya 2024 iliyolindwa iwapo ingeangukia sita za juu, na mbili za raundi ya pili. Poeltl alifanya kazi yake. Tangu alipofika walishinda 15 na kupoteza 11. Uchezaji wake haukuwa tatizo. Tatizo ni kwamba hakukuwa na Embiid wa kumkaba Mei, kwa sababu timu yenyewe haikuwa ya kufika Mei. VanVleet alikuwa anaelekea mwisho wa mkataba, Siakam na Anunoby mwaka mmoja nyuma yake.

Aprili 12, 2023 timu hizo mbili, Chicago ya Vučević na Toronto ya Poeltl, zilikutana Toronto kugombea nafasi ya kuendelea kutafuta tiketi ya mtoano. Toronto waliongoza kwa pointi 19, wakakosa mitupo huru 18 kati ya 36, wakafungwa 109 kwa 105. Chicago wakaenda Miami wakatolewa. VanVleet akaondoka bure kwenda Houston kiangazi hicho. Msimu uliofuata, katika kipindi cha mwezi mmoja, Anunoby akapelekwa New York na Siakam Indiana, Toronto wakamaliza na ushindi 25 tu, na nafasi ile ya drafti ikaangukia namba nane, ikaenda San Antonio. Februari ile ningemuuza VanVleet kwa yeyote aliyekuwa na bei nzuri, ningeishika nafasi yangu ya raundi ya kwanza, na Poeltl ningemngoja Julai, mkataba wake ulipokwisha na alipoweza kusajiliwa na timu yoyote bila kutoa mchezaji hata mmoja.